Simba wa Safari: Dereva Aliyeshinda kwa Kuitunza Motokaa

Maisha ya Bwana Joginder Singh, na mafunzo yake kwa madereva wa njia ya Lodwar na Kakuma

Barabara itokayo Kitale hupanda mpaka Kapenguria, kisha huteremka milimani kwa kona nyingi hata ikafika Marich. Hapo huingia katika nchi ya joto ya Turkana, ikapita Lokichar na kufika Lodwar, kisha Kakuma, na mwisho wake ni Lokichoggio karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Kutoka Kitale mpaka Lodwar ni mwendo wa kilometa 300 hivi, na kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kilometa 120 nyingine au karibu yake. Wenyeji wana mifugo yao, na wengine huvua samaki ziwani. Lakini unga, sukari, dawa, saruji na vitabu vya shule huja kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo dereva ni mtu wa maana sana katika nchi ile. Dereva akichelewa, maduka hukaa matupu. Dereva akipindua lori, kuna nyumba itakayofiwa.

Vijana wengi waitamanio kazi ya udereva hudhani kwamba dereva hodari ni yule aendaye kasi kuliko wenzake. Wakitaka kutoa mfano, huwataja madereva wa mashindano ya Safari, ambao picha zao huonekana magazetini, motokaa zikiruka juu ya matuta na kutimua vumbi. Basi yafaa tuyachunguze maisha ya mmoja wa madereva hao, tena aliye mashuhuri miongoni mwao, Bwana Joginder Singh, ambaye watu wa Kenya walimpa jina la Simba. Yeye hakuwa mtu wa Turkana. Lakini barabara alizozishinda zilikuwa na mchanga, matope na mito ya ghafula, kama zilivyokuwa njia za Turkana. Na namna alivyozishinda ni kinyume kabisa cha vile vijana wanavyodhani.

MTOTO WA FUNDI

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Wazee wake walikuwa Masingasinga, watu wa vilemba, waliotoka Punjab katika Bara Hindi. Baba yake alikuwa fundi mwenye gereji yake, na mtoto alikua katikati ya spana, jeki na harufu ya mafuta. Alijifunza kufungua injini kabla ya kujifunza kuiendesha kwa kasi. Jambo hili ni la kukumbukwa, maana ndilo msingi wa yote yaliyofuata.

Baadaye alifanya kazi ya fundi wa doria katika chama cha wenye motokaa cha Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kupita barabarani na kuwasaidia watu walioharibikiwa. Mtu wa kazi hiyo huona mambo ambayo dereva wa kawaida hayaoni. Huona springi iliyovunjika kwa sababu dereva hakupunguza mwendo penye shimo. Huona injini iliyoungua kwa sababu mwenyewe alipuuza maji ya redieta. Huona tairi iliyopasuka kwa sababu ilitiwa upepo kupita kiasi au ilipakiwa mzigo kupita kiasi. Kila motokaa aliyoikuta kando ya njia ilikuwa kama kitabu kilichofunguliwa, naye alikisoma kurasa zote.

Mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27, Joginder aliingia katika mashindano ya Safari kwa mara ya kwanza. Hakuwa kijana mdogo tena kwa mchezo ule, wala hakuwa tajiri.

MASHINDANO YALIVYOKUWA

Safari ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa ajili hiyo iliitwa Safari ya Kutawazwa. Wenye kuianzisha waliona kwamba haikuwa na maana kuzunguka tu katika uwanja wa mashindano, na hali nchi hizi zina barabara ambazo peke yake zatosha kumjaribu mtu. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani katika majira ya masika, na urefu wa njia ulifika kilometa 5,000 na zaidi katika baadhi ya miaka.

Hapa inatupasa kueleza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Katika Safari ya zamani, mshindi hakuwa yule aliyetangulia kuonekana. Njiani viliwekwa vituo vya ukaguzi, na kila motokaa ilipangiwa saa yake ya kufika katika kila kituo. Dereva akichelewa kwa dakika, aliandikiwa alama za hasara kwa kadiri ya dakika zile. Mwisho wa siku zote, mwenye hasara ndogo kuliko wengine ndiye aliyekuwa mshindi. Kwa hiyo mtu aweza kukimbia sana siku ya kwanza, kisha siku ya pili akakaa saa tatu matopeni au akingojea ekseli nyingine, na faida yake yote ikapotea. Tena barabara hazikufungwa kama zinavyofungwa siku hizi. Washindani walikutana na mabasi, malori ya mahindi, baiskeli, ng'ombe na watoto wa shule.

Ukali wa mashindano hayo waonekana katika hesabu. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Mwaka 1968 zilianza 93, na zilizofika zilikuwa 7 tena. Nyingine zote zilibaki njiani: zilizama, zilipinduka, au zilivunjika.

Katika mambo hayo, rekodi ya Joginder yastaajabisha. Tangu mwaka 1959 hata mwaka 1980 aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Msomaji na aiweke hesabu hiyo kando ya zile za mwaka 1963 na 1968, ndipo atakapoona uhodari wa mtu huyu ulikuwa wa namna gani.

MOTOKAA KUUKUU YA MWAKA 1965

Mwaka 1965 Joginder alishindana pamoja na ndugu yake, Bwana Jaswant Singh. Motokaa yao ilikuwa Volvo ya namna ya PV544. Haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano na kampuni ya Volvo kabla ya kufika mikononi mwa ndugu hao wawili. Umbo lake lenyewe lilikuwa la kizamani, lenye mgongo wa mviringo, na mwaka uleule kampuni iliacha kabisa kuitengeneza namna ile. Makampuni makubwa ya ng'ambo yalikuja Nairobi na motokaa mpya, mafundi wao na vipuri vyao.

Ndugu hao waliifungua motokaa yao na kuikagua sehemu baada ya sehemu, wakiimarisha palipo dhaifu. Walipewa namba moja, maana yake wangetangulia mbele ya wote. Nafasi hiyo ina faida na hasara. Atanguliaye hali vumbi la mtu mwingine. Lakini penye matope na mafuriko yeye ndiye wa kwanza kujaribu, na hana nyayo za kufuata. Walianza wa kwanza, na mwisho wa mashindano walikuwa wa kwanza.

Ushindi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko kikombe. Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi kumi na sita tu kabla yake. Katika siku za ukoloni, watu wa rangi mbalimbali walitengwa mashuleni, mahospitalini na mitaani, na mchezo wa motokaa ulitazamwa na wengi kuwa mchezo wa Wazungu, ingawa Bwana D. P. Marwaha, mtu wa asili ya Kihindi, alikwisha kushinda Safari pamoja na Bwana Vic Preston mwaka 1954 na 1955. Sasa wana wa fundi wa gereji, wazaliwa wa nchi, walikuwa wameyashinda makampuni kwa motokaa iliyokwisha kutumiwa. Watu waliosimama kando ya barabara waliwashangilia kwa furaha, na tangu hapo jina la Simba lilienea.

USHINDI WA MWAKA 1974 NA 1976

Mtu aweza kushinda mara moja kwa bahati. Joginder alishinda tena mwaka 1974, pamoja na msaidizi wake Bwana David Doig. Safari hii aliendesha Mitsubishi Lancer, motokaa ndogo yenye injini ya lita 1.6. Aliyemfuata kwa nafasi ya pili alikuwa Bwana Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche yenye nguvu nyingi zaidi. Waldegård hakuwa dereva mdogo: baadaye, mwaka 1979, alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia katika mchezo huo, naye mwenyewe aliishinda Safari mara nne. Lakini mwaka ule mvua ilinyesha sana, na penye matope nguvu ya injini haimsaidii mtu kama imsaidiavyo busara. Huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa kampuni ya Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda mara nyingine tena, na motokaa za Mitsubishi zilichukua nafasi zote tatu za mbele. Hivyo Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Bwana Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye alishinda mara tano kwa jumla. Na katika miaka ya 1990 Bwana Patrick Njiru aliwafumbua macho Waafrika wengi, hasa mwaka 1994 alipomaliza katika nafasi ya nne.

Joginder Singh alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

KWA NINI WAGENI WALISHINDWA

Kwa muda wa miaka kumi na tisa, tangu 1953 hata 1971, hakuna dereva wa ng'ambo aliyeishinda Safari. Wa kwanza alikuwa Bwana Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Katika miaka yote kabla yake walikuja mabingwa wa Ulaya, watu waliozoea barafu na milima, wenye mkono mwepesi na jicho kali. Walikuwa wepesi kuliko wenyeji, na bado walishindwa. Kwa nini?

Wageni waliijua motokaa, lakini hawakuijua nchi. Hawakujua kwamba udongo mweusi uliokauka juu huweza kuwa uji chini yake. Hawakujua kwamba mto uliokuwa mkavu asubuhi huweza kuwa bahari jioni, hali hapana tone la mvua lililoanguka mahali pale. Mwenyeji alijua mahali pa kwenda mbio na mahali pa kutambaa. Alijua pia kwamba wanakijiji wa kando ya njia ndio rafiki zake, maana wao ndio walioisukuma motokaa ilipokwama, na wao ndio walioweza kumwambia kama daraja la mbele lingalipo. Dereva mwenye kiburi asiyeuliza alilala matopeni.

Na Joginder alikuwa na jambo la pili, yaani ule ufundi aliotoka nao gerejini. Dereva aliyewahi kuibadilisha springi kwa mikono yake, juani, hawezi kuligonga shimo bila kujali. Huyasikia maumivu ya motokaa kama mchungaji ausikiavyo mguu wa ngamia wake.

MITO MIKAVU YA TURKANA

Tuurudie sasa upande wa kaskazini. Katika siku za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Ugumu wa njia ulikuwa sehemu ya kufuli hilo. Mwaka uleule wa 1959 Joginder alipoingia Safari kwa mara ya kwanza, Mzee Jomo Kenyatta alihamishwa kutoka gereza la Lokitaung akawekwa Lodwar chini ya ulinzi, mpaka mwaka 1961. Serikali ya wakati ule ilimpeleka huko kwa sababu palikuwa mbali na watu wake, na njia yenyewe ilitosha kuwa ukuta.

Katika miaka ya 1980 barabara ya Kitale mpaka Lodwar iliwekwa lami kwa msaada wa nchi ya Norway. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, na tangu hapo malori ya chakula yaliongezeka sana. Uzito wa malori, maji ya mafuriko na upungufu wa matengenezo viliila lami ile hata madereva wengi wakaona heri kupita mchangani kando yake. Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya njia kutoka Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na safari iliyokuwa ikichukua siku nzima sasa huchukua saa chache.

Lakini barabara nzuri haikuiondoa hatari, imeibadilisha sura. Zamani mashimo yalimlazimisha dereva kwenda polepole, hata kama hakutaka. Sasa ni akili yake tu imzuiayo. Na mito mikavu ya Turkana, ambayo watu wa kaskazini huiita laga, ingali palepale.

Mto Turkwel upitao Lodwar huanzia mbali katika mlima Elgon. Laga ya Kawalase iko karibu na mji. Kakuma kuna mto Tarach. Siku nyingi za mwaka mito kama Tarach na Kawalase ni mchanga mtupu, na watoto hucheza ndani yake. Kisha mvua hunyesha milimani, mahali ambapo dereva hapaoni, na maji huja kwa mara moja yakiwa mekundu, yamebeba magogo na mizoga. Jua laweza kuwa linawaka Lodwar saa ileile. Mtu asiyejua husema, "Hapana mvua, tupite." Huo ndio mwisho wa wengi.

Dereva wa Safari ya zamani alipofika penye mto aliteremka. Yeye, ambaye kila dakika aliandikiwa hasara, alikubali kupoteza dakika tano ili asipoteze motokaa. Basi na dereva wa lori au wa matatu, ambaye hakuna amwandikiaye dakika, ana udhuru gani?

Mambo ya kufanya si mengi, wala si magumu. Kwanza, asimame mbali na ukingo, auzime muziki na kusikiliza, maana maji ya laga husikika kabla ya kuonekana. Pili, atazame milima ya upande wa juu. Kukiwa na wingu zito huko, asiende kwa pupa. Tatu, awaulize wenyeji. Mchungaji wa mbuzi aliyezaliwa ukingoni aujua mto ule kuliko ramani. Nne, kama maji yanapita, angoje. Maji yaendayo kasi huweza kumwangusha mtu mzima yakiwa bado hayajafika magotini, na kina cha nusu meta huweza kuiinua motokaa na kuichukua kama boga. Aghalabu maji ya laga hupungua baada ya saa chache. Tano, kama ni mchanga mtupu, na apunguze upepo wa matairi kidogo ili yapate kushika, aende kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati, na akivuka arudishe upepo. Sita, akiisha kupita majini aikanyage breki polepole mara kadhaa ili ikauke, maana breki iliyolowa haishiki, na atalijua hilo kwenye kona ya kwanza.

Zaidi ya hayo, abiria nao wana wajibu. Mara nyingi dereva huingia mtoni kwa sababu watu waliomo garini wanampigia kelele kwamba wamechelewa, na kumwita mwoga. Karani anayerudi kazini Lodwar, mwalimu anayekwenda Kakuma, mfanyabiashara mwenye nyanya zake, kila mmoja ana haraka yake. Lakini aliye na haki ya kusema "Twende" ni yule ajuaye kina cha maji, na hapo abiria wote hawakijui. Heri nyanya zioze.

Na wenye malori wasijiweke kando. Mwenye lori anayempa dereva saa zisizowezekana, au anayekataa kununua tairi mpya, ndiye anayeushika usukani hali amekaa Kitale au Eldoret. Kampuni zilizoshinda Safari zilitumia fedha nyingi katika matengenezo kabla ya safari, wala hazikungoja motokaa ivunjike njiani ndipo zikumbuke spana.

Safari yenyewe imebadilika. Ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha, katika njia fupi zilizofungwa, ambamo mwendo wa kasi hupimwa kwa sekunde. Kijana anayetazama mashindano hayo aweza kusahau kwamba kwa nusu karne mchezo huu ulipima jambo jingine: ni nani atakayefika, na motokaa yake ikiwa nzima.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Joginder Singh hakwenda pole daima. Palipofaa alikwenda kama mshale. Lakini alipajua palipofaa, na alifika mara kumi na tisa katika ishirini na mbili. Dereva wa Lodwar na Kakuma hapewi kikombe, wala watu hawamwiti Simba. Watu wa nyumbani kwake, na wa nyumba za abiria wake, wanamtaka jambo moja tu, nalo ni kubwa kuliko kikombe: kila anapoondoka, arudi.